Makasha ya mjomba: kipi cha kuhifadhi kati ya vitabu, majarida na santuri za zamani hapa Uganda

Ndugu, umeeleza kwamba mjomba wako aliyekuwa mwalimu Jinja amekuachia makasha ya vitabu, majarida, katuni na santuri za roki za miaka ya sitini na sabini, na unauliza kama kuna chochote cha thamani humo, na kama mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuanza kukusanya vitu hivi hapa kwetu. Nimeifanya shughuli hii tangu nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo utanivumilia nikijibu kwa kirefu.

Jambo la kwanza ni kutenga kila kilichochapwa au kutengenezwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na kukiweka mbali na vile vilivyotoka London au New York. Wengi hufanya kinyume: wakiona santuri ya Beatles ya Uingereza macho huwatoka, huku jarida la Kampala lililo chini yake likiachwa kwa muuza karanga alifungie karanga zake. Santuri ile ilitolewa kwa wingi mno, na mkusanyaji wa Ulaya anaweza kuipata karibu na nyumbani kwake ikiwa safi kuliko yako. Kilichochapwa hapa kilikuwa kichache tangu mwanzo, kisha kikapitia uporaji, vita, mvua na mchwa, na kilichobaki ni kile ambacho mtu fulani alikipenda kiasi cha kuhama nacho.

Chukua mfano wa jarida la Transition. Rajat Neogy alilianzisha hapa Kampala, na toleo la kwanza lilitoka Novemba 1961. Mwaka 1967 ilifichuka kwamba shirika la kimataifa lililokuwa likilifadhili lilikuwa linapokea fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na mwaka uliofuata serikali ya Obote ilimkamata Neogy pamoja na mbunge Abu Mayanja, ambaye alikuwa ameikosoa katiba mpya katika kurasa za jarida hilo. Toleo la 37 la mwaka 1968 ndilo la mwisho kutoka Kampala. La 38 lilitokea Accra mwaka 1971, na baadaye mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, akawa mhariri. Mkusanyaji anapaswa kuijua historia hii kwa sababu ndiyo inayomwekea mpaka: ukiamua kukusanya Transition ya Kampala, unatafuta namba 1 hadi 37, na unajua kwamba matoleo ya mwishoni mwa mfululizo huo ndiyo ambayo baadhi ya wenyewe walikuwa na sababu ya kutoonekana nayo. Ninayo nakala moja ambayo mwenyewe wa kwanza ameipigia mistari ya penseli katika kurasa za barua za wasomaji, na pembeni mwa barua mojawapo ameandika neno moja tu, "Uongo", kwa mkono uliokandamiza hadi alama ikatokea ukurasa wa nyuma. Wafanyabiashara husema maandishi kama hayo hushusha bei. Nakubali kwamba huishusha, lakini nakala hiyo siiuzi.

Kuhusu vitabu, yumkini utakuta vile vya kampuni ya uchapishaji ya Heinemann vya mfululizo wa waandishi wa Afrika, wenye majalada ya rangi ya chungwa. Mfululizo huo ulianza mwaka 1962, na namba 1 ilikuwa Things Fall Apart ya Chinua Achebe. Lakini usidhani hilo ndilo toleo la kwanza la kitabu hicho, kwani kilikuwa kimekwisha kutoka London chenye jalada gumu mwaka 1958. Daima fungua ukurasa wa haki miliki na usome orodha ya miaka ya kuchapwa upya hadi mwisho. Kwa vitabu vya Ngũgĩ, mwandishi wa Kenya, kuna njia ya haraka zaidi ya kujua umri wa nakala. Riwaya yake ya Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964, wakati mwandishi akijulikana kama James Ngugi, na jina la Ngugi wa Thiong'o lilikuja kwenye majalada baadaye. Ukiona "James Ngugi", umeshika nakala ya zamani kiasi, hata kama si ya kwanza.

Mimi binafsi ningeanza na vitabu vya Nairobi kabla ya hivyo. Song of Lawino, utenzi wa mshairi wetu Okot p'Bitek, ilichapishwa na East African Publishing House mwaka 1966, na mwaka 1969 ikafuata ile ya Kiacholi, Wer pa Lawino, ambayo nadhani kila mkusanyaji wa Uganda angepaswa kuitafuta kuliko kitabu chochote cha Kiingereza. Vile vijitabu vyembamba vya East African Literature Bureau, taasisi iliyoundwa mwaka 1948, navyo usividharau, maana vilikuwa vya Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine zetu, vilisomwa shuleni hadi vikachanika, na ndiyo maana kilicho kizima ni adimu. Tahadhari moja: kitabu chenye mhuri wa maktaba ambao haujafutwa rasmi usikinunue wala usikiuze, hata ukiambiwa maktaba yenyewe ilikwisha kufungwa.

Katuni sitazizungumzia sana. Tafuta African Film, lile jarida la hadithi za picha za kupigwa lenye mpelelezi Lance Spearman, lililotolewa na kampuni ya Drum. Pia Joe la Nairobi, ambalo Hilary Ng'weno na Terry Hirst walilianzisha mwaka 1973. Karatasi za majarida haya ni hafifu na hugeuka kahawia, kwa hiyo kagua kama kona zinakatika ukizikunja kidogo. Zikikatika, usimlipe muuzaji bei ya kitu kizima.

Ukitaka kuongeza, dukani si mahali pa kwanza pa kwenda. Mimi hupata vitu vizuri zaidi kwa wanaonunua karatasi chakavu kwa kilo, ambao huziuza tena kwa wafungaji wa karanga na chapati. Jenga urafiki na mmoja wao, mlipe zaidi ya bei ya kilo, naye atakuwekea pembeni kila chenye picha na tarehe ya kale. Wangu huniita "mwalimu" ingawa sijawahi kufundisha, na hupiga simu kabla hajakata uzi wa furushi. Katika miji kama Jinja na Mbale utakuta pia masalio ya familia za Kihindi zilizofukuzwa na Amin mwaka 1972, hasa santuri za filamu za Kihindi ambazo lebo zake huonyesha zilitengenezwa India.

Sasa santuri zako za roki. Tazama lebo ya katikati: nyingi zilizouzwa hapa zilitengenezwa Nairobi kwa leseni za kampuni za Ulaya, na lebo husema hivyo. Nakala hizo za Kenya wanazitafuta wakusanyaji wa nje, kwa hiyo usiziuze kwa mkupuo. Albamu ya kwanza ya bendi ya Osibisa, ya mwaka 1971, ile yenye tembo warukao waliochorwa na Roger Dean, hupendwa mno, na jalada lake lisilochanika ni sehemu kubwa ya bei. Kila santuri isogeze kwenye mwanga wa dirisha na uiinamishe polepole. Michubuko myembamba mara nyingi haisikiki, lakini mkwaruzo unaonaswa na ukucha utasikika kila mzunguko. Santuri yoyote ya bendi ya Cranes, ambayo baadhi ya wanamuziki wake waliunda Afrigo mwaka 1975, itenge peke yake. Nakubali kuvunja kanuni yangu kwa kitu kimoja cha ng'ambo: albamu ya Exile ya Geoffrey Oryema, ya mwaka 1990, iliyotolewa na kampuni ya Real World na kurekodiwa chini ya usimamizi wa Brian Eno, kwa sababu Mganda huyo asingeweza kuirekodi nyumbani.

Kwa uhifadhi, santuri zisimame wima, mbali na bati na dirisha. Vitabu vyenye wadudu vifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uviweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uache mfuko upate joto la chumba kabla ya kuufungua, vinginevyo maji yatatonea kurasa. Pini zenye kutu kwenye majarida zitolewe taratibu. Na ukikuta santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, usizifute kwa spiriti kamwe: nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu ambao spiriti huuyeyusha. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na usizipige kwa sindano ya santuri za kawaida, kwa sababu mifereji yake ni mipana zaidi.

Ukimaliza kutenga, niandikie namba zilizochorwa karibu na lebo za santuri za Nairobi pamoja na namba za majarida. Kama kuna Uganda Journal, ambalo lilianza mwaka 1934, niambie hilo kwanza kabla hujamwonyesha dalali yeyote.