Kinjeketile au Mkwawa?

Mwalimu, umeuliza kama kidato cha tatu hapo Iringa wacheze tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein au mtunge yenu ya Mkwawa, chifu wa Wahehe. Mimi ningeanza na Kinjeketile. Vita ya Majimaji inayoisimulia ilifika hadi Njombe na Songea, si hadithi ya mbali, halafu tamthilia ina umati: waoga wa jukwaa wanapata pa kujificha. Ila maji ya dawa ya mganga Kinjeketile msiyatie kweli. Tulipoicheza sisi kibuyu kilivuja, mganga akateleza, ukumbi mzima kicheko.

Ya Mkwawa andikeni onyesho moja tu: Lugalo, 1891, Wahehe wamejibanza vichakani wakilisubiri jeshi la Mjerumani Zelewski. Kwanza wapeleke wanafunzi makumbusho ya Kalenga wakaone lile fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954. Mavazi? Kaniki na mablanketi ya bweni.