Mbona sukari ni ghali Maweni kuliko Casuarina?

SWALI: Shikamoo. Nakaa Maweni, hapa Malindi, na kibarua changu ni kazi za nyumbani huko Casuarina. Tajiri wangu hunituma supamaketi, kilo ya sukari nanunua 160. Nikirudi kwetu, robo ni 50 dukani. Maji nayo mtungi ni 20. Mbona sisi tusio na kitu ndio tunaolipa zaidi? Mwenye duka anatuibia?
Mama wa watoto watatu, Maweni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni sawa. Robo nne ni shilingi 200, kwa hiyo kila kilo unamzidi tajiri wako kwa 40.

Mwenye duka lakini nitamtetea, maana nimeuza dukani Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, miaka mingi. Sukari ya robo haiji imefungwa. Unafungua gunia la kilo 50, unapima, unakunja karatasi, unafunga, moja baada ya nyingine, na kila ukipima kuna chembe zinazomwagika mezani. Tuktuk iliyoleta gunia kutoka kwa muuzaji wa jumla imelipwa. Halafu kuna daftari la madeni. Kusi ikivuma wavuvi hawatoki, na nyumba nyingi zinakula kwa mkopo mpaka bahari itulie. Wengine huhama na deni lao. Yote hayo yamo ndani ya ile 50. Supamaketi huletewa kwa lori na haimkopeshi mtu.

Kwa mwezi tajiri wako anatumia pesa nyingi kukushinda: kodi, askari, mafuta ya gari. Ila kijiko kwa kijiko, wewe ndiye unayelipa ghali, kwa sababu pesa yako inaingia kidogo kidogo na inabidi itoke vivyo hivyo.

Linaloniuma zaidi ni maji. Yako na yake yanatoka Baricho, mto Sabaki. Mitungi 50 ya lita 20 ni lita 1,000, nawe umelipa shilingi 1,000. Mwenye mita hakaribii hapo kwa maji yayo hayo. Na mfereji ukikauka, yeye ana tangi juu ya nyumba, wewe unamsubiri mwenye mkokoteni.

Stima pia iangalie. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ni ya anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Sasa chukua nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na mita moja. Kila chumba kikitumia uniti 15 tu, mita inasoma 90, na nyote mnatozwa bei iliyo juu ya hiyo, ilhali kila mmoja peke yake angelipa ile ya chini. Hilo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyelikusudia. Zungumzeni na mwenye nyumba, kila mpangaji aombewe mita yake.

Kuhusu chakula, kama tajiri wako anakulipa kwa siku, mwombe akulipe kwa wiki. Kisha tafuta jirani watatu unaowaamini, mchange, mnunue bunda la unga kwa bei ya jumla na kugawana siku hiyo hiyo. Mafuta ya kupikia pia yafanyeni hivyo. Deni la dukani limalize kwanza, usije ukamkimbia aliyekulisha wakati wa kusi.