Turubai la Bluu na Picha za Bidhaa Zako

Kitenge chekundu kikipigwa picha chini ya turubai la bluu, pale soko la Majengo au la Sabasaba hapa Dodoma, kinaweza kufika Instagram kimegeuka zambarau. Mteja aliyeipenda zambarau anapokea nyekundu, anasema katapeliwa. Mwuzaji naye analaumu simu. Simu haina kosa: jua likipita kwenye turubai linabeba bluu, na bluu hiyo inamwagika juu ya kila kitu kilicho chini yake.

Dawa ya kwanza ni kutoka hapo. Sogeza bidhaa hadi kwenye kivuli cha ukuta, ikiwezekana mweupe au wa kijivu. Tandika shuka jeupe chini, maana udongo wetu mwekundu nao unarudisha wekundu wake, hasa kwenye viatu na sehemu ya chini ya gauni. Saa 1 na nusu hadi saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni, mwanga ni mzuri. Jua la saa 6 hadi saa 9 mchana liache lipite; kiangazi hapa Dodoma anga halina wingu la kulipunguza makali, na vivuli vinakuwa vyeusi tii.

Kabla ya kupiga, futa lenzi. Puliza vumbi kwanza, ndipo upanguse kwa kitambaa laini kisafi. Ukisugua vumbi likiwa bado lipo, unaikwaruza. Picha nyingi zinazoonekana zina ukungu ni mafuta ya vidole tu, na hakuna filta inayoyaondoa.

Kisha gusa bidhaa kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Simu huipunguzia mwanga picha iliyojaa weupe, ikatoka ya kijivu, kwa hiyo ongeza kidogo kwa alama ya jua. Nguo nyeusi ni kinyume chake: simu huipausha, hivyo punguza.

Kama huna pa kuhamia, weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya bidhaa, ndani ya picha. Ukifungua Snapseed, programu ya bure ya kuhariri picha, ingia White Balance (usawa wa rangi nyeupe), chagua alama ya kidondoshi, ielekeze kwenye ile karatasi. Bluu itapungua mara moja. Karatasi utaikata mwishoni.

Baada ya rangi kukaa sawa, nenda kwenye mwanga, yaani Tune Image. Sehemu zinazong'aa mno zishushe hadi -20 au -30, vivuli vipandishe +15 hadi +25. Ukolezaji wa rangi usivuke +10. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa rangi kali inapendeza kwenye simu yako lakini siyo kitambaa ulichonacho dukani. Ambiance, inayosawazisha mwanga wa picha nzima, ikizidi utaona mstari wa mwanga umezunguka kingo za nguo. Kunoa picha kuwe hatua ya mwisho: +10 hadi +15 inatosha kuonyesha uzi wa kitambaa, ila kwenye uso wa mtu acha kabisa.

Wasusi, filta ya kulainisha ngozi ikae mbali. Inalainisha na njia za nywele, yaani kazi yenyewe unayoiuza. Uso ukiwa na giza, tumia Selective, weka nukta usoni, ongeza mwangaza +10 au +15 tu.

Na wauza zabibu: ule unga mweupe juu ya punje ni wa asili. Usiufute, wala kwa kidole wala kwa programu, kwani kwa mnunuzi anayejua ni dalili kwamba zabibu hazijashikwashikwa.

Hifadhi picha ya Instagram kwa pikseli 1080 kwa 1350, na ya status au stori 1080 kwa 1920. Maandishi ya stori yaache nafasi ya kama pikseli 250 juu na 340 chini, la sivyo bei itafunikwa na jina lako au sehemu ya kujibu. Ukimtumia mtu picha WhatsApp ili aiposti, itume kama dokumenti. Picha ya skrini ya picha nyingine isikubalike kabisa.

Kwenye maelezo andika bei, yadi au saizi, na mahali ulipo. "Bei njoo inboksi" inachosha watu. Wengi hawaji, wanapita kwa jirani yako aliyeandika.