CIF Dar siyo bei ya gari mkononi

Mkuu, usitume hiyo hela! Una milioni 11, umeona tangazo la CIF Dar milioni 10, unauliza uchukue Toyota IST au Vitz na ipi inakunywa mafuta kidogo. Hayo yaweke pembeni kwanza.

CIF ni bei ya gari kule Japani, bima ya safari na nauli ya meli mpaka bandarini. Basi. Gari likishushwa Dar, CIF imeishia hapo na TRA, watu wa mapato, ndiyo wanaanza.

Chukua IST ya 2005, cc 1300, CIF milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5, jumla inakuwa 12.5. Juu ya hiyo 12.5 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limevuka miaka 10. Milioni 4.375! Halafu VAT asilimia 18 juu ya mkusanyiko wote huo, milioni 3 na kidogo. Tayari kodi imepita milioni 9.9, na sijagusa tozo ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha wala usajili. Tena TRA wana thamani zao za magari yaliyotumika, hawafungwi na ankara ya muuzaji wako.

Dalali wangu alinikazia macho akasema, "CIF ni kila kitu kaka, wewe kachukue funguo tu." Meli ilipofika hakupokea simu tena. Siku za bure za kuacha gari bandarini zikaisha, tozo ya kuhifadhi gari ikawa inapanda kila kukicha, kodi sina. Nikauza kiwanja changu Chanika kwa bei ya kutupa ili nilitoe. Leo pale pana nyumba ya mtu, ina geti jeusi na mwembe nilioupanda mimi. Yule dalali bado anapost magari kila asubuhi, na bado anaandika "CIF, hakuna gharama nyingine". Anaharibu maisha ya watu!

Ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, jaza aina ya gari, mwaka na cc. Kiasi kitakachotoka kiwe benki, taslimu, KABLA hujatuma hata senti Japani. Siyo ahadi ya mkopo, siyo hela ya mchezo wa kupeana itakayotoka mwezi ujao.

Weka hapa mwaka na cc za hilo gari, nikupigie hesabu usiku huu kabla hujaenda benki.