Lile daftari la mpelelezi si kosa la mwandishi

Dadangu, umesema riwaya imekuharibikia pale mpelelezi wa kike anapoweka nakala za ujumbe wake wote kwenye daftari, kwamba hakuna jasusi mjinga hivyo. Hata mimi nilikwama hapo hapo. Nilikuwa nasoma barazani hapa mtaani kwetu Langoni, nikakifunga kitabu kwa hasira, kidole kikiwa bado ndani ya ukurasa.

Lakini jambo hilo limetokea kweli. Noor Inayat Khan, binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka India, alipelekwa na Waingereza Juni 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwenda Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, kutuma ujumbe wa kijasusi kwa redio. Wenzake wakakamatwa, yeye akabaki Paris akihama nyumba hii na ile, mashine yake ndani ya sanduku. Oktoba akasalitiwa. Wajerumani wakalikuta daftari lenye nakala za ujumbe aliotuma, wakaitumia redio yake kuihadaa London, na London ikaendelea kuleta watu, wakaangukia mikononi mwa adui. Inasemekana aliyaelewa vibaya maagizo ya kutunza ujumbe. Mjinga hakuwa, wallahi: alijaribu kutoroka mara mbili. Walimuua katika kambi ya mateso ya Dachau, Ujerumani, Septemba 1944, ana miaka 30 tu.

(Na vita hivyo tusivione vya mbali. Ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi hapo mwaka 1940.)

Basi irudie sura ya daftari, taratibu. Mimi niliporudia, niliogopa kufungua ukurasa unaofuata.