Usizime kinasa sauti: kwa wadogo zangu mnaosoma historia

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea dodoso lake la Vita vya Maji Maji, vile vya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, nilipitie kabla hajaenda uwandani. Maswali ishirini na matatu, yamechapwa vizuri steshenari na kubanwa pini. Swali la nne: "Je, unakubali kwamba ukatili wa Wajerumani ndio uliosababisha Vita vya Maji Maji?" Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Nilinyamaza muda mrefu mpaka akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimeliona dodoso langu mwenyewe la mwaka 2008, karibu neno kwa neno.

Kwa hiyo nyie mliotoka HGL na HKL, ile michepuo ya historia ya kidato cha sita, bumu la mkopo likiwa bado mfukoni na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikiwa bado mbali, kaeni tuongee.

1. Hoja sita ziliishia kidato cha sita. Kila muhula nasahihisha insha zenu, na kila muhula nakutana na utangulizi, hoja sita zilizopigiwa mstari, kisha hitimisho. Kodi, kazi za shuruti, kilimo cha pamba, ukatili wa maakida (watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani), ardhi, dharau kwa mila. Kila moja ina ukweli wake, na zikiwa zimepangwa hivyo hazielezi kitu. Kodi ya nyumba ilianza kukusanywa mwaka 1898. Mbona watu hawakuinuka 1898? Mashamba ya pamba ya shuruti yalianza 1902. Mbona si 1902? Mbona Umatumbini, kwenye vilima vya Kilwa, kule Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, na mbona walianza kwa kung'oa pamba shambani? Ukihangaika na swali hilo hata kwa nusu ukurasa, nitakupa alama kwa furaha kuliko ukiniletea hoja kumi na mbili.

Na hayo madesa, notsi mnazorithishana, nayajua, mengine yalianza enzi zetu. Kuna moja linasema Kinjikitile Ngwale, yule mganga aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa vita vilipokwisha, mwaka 1907. Kila mwaka nalikuta kwenye karatasi za mtihani. Wadogo zangu, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza! Mapigano yakaendelea bila yeye mpaka 1907. Ukilijua hilo, huwezi tena kuandika kurasa tatu za "uongozi imara wa Kinjikitile" bila kujiuliza nani alikuwa anaongoza nini, wapi.

2. Soma tanbihi kabla hujasoma sura.

3. Ukienda Nyaraka za Taifa, beba penseli, nakala tatu za barua ya utambulisho, na subira. Mafaili ya Mjerumani yameandikwa mwandiko wa zamani ambao hata mtu anayejua Kijerumani inabidi ajifunze kuusoma.

4. Usizime kinasa sauti. Hapa naomba mnivumilie.

Mada yangu ya utafiti ilikuwa huo huo uongozi wa Kinjikitile. Nilipanda basi la Kilwa, nikashuka barabarani, nikaingia vilima vya Umatumbi juu ya gari la mizigo. Nilikuwa na barua ya chuo kwa mtendaji wa kijiji, dodoso langu, kinasa sauti cha kuazima na betri sita. Kimatumbi sikujua hata salamu.

Mtendaji alinipeleka kwanza kwa mzee mmoja anayeheshimika. Mzee alinikaribisha kwenye mkeka, akanieleza kila kitu kwa Kiswahili kilichonyooka: kodi, kazi za shuruti, pamba, maakida, maji ya dawa, umoja wa makabila. Nilirudi nilikofikia nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Sikumwuliza alizaliwa lini. Sikumwuliza habari hizo alizisikia kwa nani. Msimamizi wangu aliniuliza maswali hayo mawili ndani ya dakika mbili za kwanza, nami sikuwa na jibu. Nilipousikiliza ule mkanda upya nikasikia mwanzoni kabisa, nikiwa bado nahangaika na vitufe, mzee akisema kwamba alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi na somo lake lilikuwa historia. Alikuwa amenipa kitabu cha darasani, kwa heshima na ukarimu, kwa sababu ndicho nilichoomba. Maswali yangu yote yalikuwa yametoka kwenye kitabu hicho hicho.

Siku ya tatu nilipelekwa kwa bibi mmoja. Alikuwa anamenya muhogo, ungo uko miguuni. Nilimwamkia, akaitikia, nikaanza swali la kwanza la dodoso. Akanikatiza: "Hayo waulize wanaume. Mimi najua ya njaa. Mama yangu alikuwa kigori vita vilipopita hapa, alinisimulia." Akaanza. Alianza kwa Kiswahili, na kadiri habari ilivyozidi kuwa nzito akawa anahamia Kimatumbi, anarudi kwenye Kiswahili, anahama tena. Nikaangalia ile taa nyekundu. Zilibaki betri mbili na mzee mmoja wa kuhojiwa, tena huyo nilikuwa nimeambiwa anajua ukoo wa Kinjikitile. Nikabonyeza kitufe.

Kilitoa mlio mdogo tu, kaa! Bibi alinyamaza katikati ya sentensi. Akakitazama kile kimashine, akanitazama mimi, akaendelea kumenya. Nikamwambia, "Endelea bibi, nakusikiliza." Akasema muhogo umekwisha, akainuka na ungo wake.

Kwenye daftari langu la siku ile niliandika: "Bibi. Njaa tu. Nje ya mada." Daftari bado ninalo.

Niliporudi chuoni msimamizi alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye mstari ule akaweka kidole, akasema, "Njaa tu?" Kisha akanifundisha kitu ambacho ningekuwa nimekijua kama ningesoma kwa makini. Makadirio ya Wajerumani yalisema walikufa watu 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyeifanyia kazi sehemu ile ile ya kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Pengo hilo la watu laki mbili halikutokana na risasi. Jeshi la Mjerumani lilichoma maghala na vijiji, likaharibu mazao shambani, likawaacha watu wafe kwa kukosa chakula. Wengi mno waliokufa katika vita vile walikufa kwa njaa. Mimi nilisafiri mpaka vilima vile vile, nikakaa mbele ya mtu aliyelelewa na mtoto aliyeponea njaa ile, nikazima kinasa sauti ili nibakize betri.

Nilirudi baada ya mwaka na miezi miwili. Bibi alinipokea vizuri, akaniita mjukuu wake, akanipa uji. Safari hii nilikuwa na betri nyingi, tena nilikuwa na kijana wa kijijini wa kunitafsiria. Nikaweka kinasa sauti kwenye mkeka, nikamwomba aniambie ya njaa. Alisema, "Nilishasema, mjukuu wangu. Wewe ulikifunga." Akanieleza bei ya korosho, na mjukuu wake wa kweli aliyeko Dar asiyeandika barua. Tulikaa mpaka jua likapungua. Ya njaa hakuyagusa, na mimi sikumlazimisha, maana hakuwa na deni kwangu.

Nilichonacho ni dakika sita na nusu. Mama yake na wenzake wanaingia msituni kuchimba mizizi, mizizi inalowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayopita, kwa sababu ikiliwa hivi hivi inaua. Mdogo wake mmoja hakuweza kusubiri siku zitimie. Hapo Bibi anaingia Kimatumbi, nasikia sauti yake inashuka, kisha ule mlio. Nimewapelekea Wamatumbi watatu wakanitafsiria maneno ya mwisho, na wote watatu wamesema sentensi haijakamilika.

5. Ukiandika idadi, andika nani alihesabu, na alihesabu nini.

6. Msifikiri vyanzo vya awali ni Kijerumani na Kiingereza peke yake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivi, ukachapishwa Berlin mwaka 1933, na nusu yenu hamjawahi kuufungua ingawa ni lugha yenu. Jifunzeni pia kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Barua nyingi za pwani za wakati ule zimeandikwa hivyo. Na mkikuta barua ya mwaka 1323 msiruke na kusema karani alikosea. Huo ni mwaka wa Hijria, ulianza Machi 1905.

7. Kuhusu "sisi ni wa shahada ya kwanza tu, utafiti wa kweli ni wa maprofesa." Hili linaniudhi kuliko madesa. Mwaka 1968 waliotumwa kusini na chuo cha Dar es Salaam kukusanya masimulizi ya Maji Maji walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mpaka leo wanahistoria wa dunia nzima wanategemea yale waliyoyaandika. Waliwakuta wazee walioviona vita kwa macho yao, bahati ambayo nyie hamtaipata. Lakini nao walikwenda na maswali ya wakati wao, taifa likiwa changa: uongozi, umoja, nani alianzisha. Yako mambo ambayo hayakuulizwa, na baadhi yake yamebaki kwa wajukuu, jikoni, kwenye nyimbo, kwenye majina ya miaka ya njaa ambayo kila kijiji kinayo. Nenda kaulize, kisha nyamaza.

Dodoso la yule mwanafunzi wa mwaka wa tatu tumelichana pamoja. Amebaki na swali moja, "Nani alikulea, na alikusimulia nini?" na karatasi nyeupe nyuma yake. Anaondoka Jumatatu. Ofisini kwangu kuna vinasa sauti viwili, chaja ya akiba, na boksi zima la betri ninalolinunua kila mwaka kabla ya likizo ndefu. Mlango uko wazi mpaka saa kumi jioni. Njooni mchukue kabla hamjakata tiketi.