Maswali na majibu: chipu zikibaki chache mezani

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wachezaji wa mashindano ya poka, wale ambao hufika katikati ya mchezo wakiwa bado wamo, ila blaindi (chipu ambazo wachezaji wawili hulazimika kuziweka kila mkono kabla ya kucheza, ndogo na kubwa) zimepanda na chipu zao zimeyeyuka. Nimechukua yanayogusa wengi. Mifano yangu yote ni ya Texas Hold'em, poka ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili zake. Kama sijasema vinginevyo, blaindi ni 500 na 1,000, na aliye kwenye blaindi kubwa analipa ante (malipo mengine ya lazima) ya 1,000 juu yake. Kwa hiyo kabla mtu hajafungua mdomo, mezani tayari kuna 2,500.

Nina chipu 30,000 na mwenzangu ananiambia niko hoi. Nitajuaje kama kweli zimekuwa chache?

Usiangalie 30,000, angalia blaindi. Blaindi kubwa ikiwa 1,000 unazo 30, na hapo bado unapumua vizuri. Ikifika 4,000, chipu zile zile ni blaindi saba na nusu, na mchezo umeshakuwa mwingine. Mimi huanza kubadilika zikishuka chini ya 25. Kati ya 15 na 25, silaha yako kubwa ni kusukuma zote, yaani kuweka chipu zako zote, juu ya mtu aliyekwisha kupandisha dau. Kuanzia 10 kushuka, mara nyingi unabaki na mambo mawili tu: unasukuma zote au unatupa.

Paul Magriel, aliyekuwa bingwa wa dunia wa backgammon mwaka 1978, alituachia kipimo kingine kinachoitwa M. Unagawa chipu zako kwa jumla ya blaindi mbili na ante, na jibu ni idadi ya mizunguko unayoweza kukaa bila kucheza. Mwenye 10,000 kwenye mfano wetu ana M ya 4.

Kaka, mimi husubiri karata nzuri. Blaindi zinanila hadi nabaki na vumbi, halafu jozi ya wafalme ikija nashinda na bado niko mkiani. Nakosea wapi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mchezaji wa mashindano aliulize. Tuanze na hizo karata unazosubiri. Kuna michanganyiko 1,326 ya karata mbili. Ukiweka pamoja ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, jeki wawili, na ree na mfalme, unapata michanganyiko 40, yaani kama asilimia 3. Mwenye M ya 4 kwenye meza ya watu 9 amebakiwa na mikono 36 hivi. Uwezekano wa kutoiona hata moja ya karata hizo katika mikono 36 ni kama theluthi moja. Na ukiipata mwishoni, inakuta umebakiwa na 2,000, kwa hiyo hata ushindi wake ni mdogo.

Anayesukuma wa kwanza ana njia mbili za kushinda: wote watupe, au afuatwe (mwingine aweke chipu za kulingana naye) na karata zake zishinde. Anayesubiri kufuata amebaki na njia moja. Chukua huu mkono: uko batani (nafasi inayoamua mwisho kabla ya blaindi), una 8,000, wote waliokutangulia wametupa, umeshika mfalme na 9, zote kopa. Unasukuma. Tuseme mara 60 kati ya 100 blaindi zote mbili zinatupa, nawe unachukua 2,500. Mara 40 zilizobaki, aliye kwenye blaindi kubwa anakufuata, na tuchukulie kwamba ukifuatwa unashinda asilimia 35 tu. Chungu, yaani chipu zote zinazogombewa, kinakuwa 17,500. Sehemu yako ni 6,125, na umeweka 8,000, kwa hiyo hapo unapoteza 1,875 kwa wastani. Changanya pande zote mbili: 1,500 za faida, ukitoa 750 za hasara. Unabaki na 750 mkononi, robo tatu ya blaindi kubwa, kwa mkono ambao ukifuatwa wewe ndiye mnyonge.

Sasa fanya vile vile ukiwa na 3,000. Aliye kwenye blaindi kubwa anatakiwa kuongeza 2,000 tu apiganie chungu cha 7,500. Hatupi, na hapaswi kutupa. Ile njia ya kwanza ya kushinda imekufa, na imekufa kwa sababu uliketi. Kwa hiyo, ndugu yangu, kosa lako ni la saa. Sukuma wakati chipu zako bado zinamuuma mtu akizipoteza. Ukiwa na 8 hadi 12, na wote waliokutangulia wametupa, hapo ndipo penye kazi.

Nikiwa na blaindi 9, si nipandishe mara mbili tu kwanza, nione flopu (karata tatu za kwanza za pamoja mezani)?

Hapana. Ukipandisha hadi 2,000 kisha mtu akakusukumia, chungu kinakuwa kikubwa mno kukiacha, na umeshampa nafasi ya kuamua wa mwisho. Ukifuatwa tu, mara nyingi flopu itakukosa na utatupa karibu robo ya ulichonacho. Wapo wazoefu wanaopandisha kidogo wakiwa na 9 wanaposhika ree mbili, wakitaka kufuatwa. Kwa anayejifunza, sukuma zote.

Kipi bora kusukuma: ree na 4, au 7 na 6 za aina moja?

Watu hupenda 7 na 6 kwa sababu mbele ya ree na mfalme zinashinda kama mara 4 kati ya 10, wakati ree na 4 hapo hazifiki hata mara 3. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya hesabu. Ree iliyo mkononi mwako imetolewa kwa wapinzani. Michanganyiko ya ree mbili inashuka kutoka 6 hadi 3, na ya ree na mfalme kutoka 16 hadi 12. Unafuatwa mara chache zaidi, na ukifuatwa na mfalme na malkia wewe ndiye uliye mbele. Ukiwa batani na blaindi 10, ree na 4 sukuma bila kigugumizi. Ukiwa wa kwanza kuongea kwenye meza ya watu 9, zote mbili tupa.

Niko blaindi kubwa, mtu wa batani mwenye 4,000 amesukuma. Nina 9 na 6. Najisikia vibaya kufuata na takataka.

Fuata. Unaongeza 3,000 kwenye chungu kitakachofika 9,500, kwa hiyo unahitaji kushinda chini kidogo ya asilimia 32. Hata akiwa na ree na mfalme unavuka 35. Jozi kubwa itakuumiza, lakini mtu mwenye blaindi 4 akiwa batani hasukumi jozi peke yake.

Tukikaribia zawadi, kanuni hizi zinabaki?

Za kusukuma zinabaki, na mara nyingi zinapata nguvu. Za kufuata zinabadilika sana. Tuseme mmebaki wanne, kila mtu ana 10,000, na zawadi ni asilimia 50, 30 na 20 kwa watatu wa kwanza. Kila mmoja wenu ana thamani ya 25. Ukimtoa mmoja una 20,000, lakini thamani yako haiwi 50. Kwa hesabu ya ICM, inayogeuza chipu kuwa sehemu ya zawadi, inakuwa 38 na kidogo. Ukiacha blaindi kando, ili kufuata zote hapo unahitaji kushinda kama asilimia 65. Jozi ya 7 mbele ya ree na mfalme ina 55 hivi, na kwenye mkono wa kawaida ungefuata kwa furaha. Hapa unatupa. Wenzako nao wamebanwa vivyo hivyo, ndiyo maana anayesukuma wa kwanza anaachiwa chungu.

Kwenye mashindano ya kugombea tiketi za kuingia mashindano mengine, mambo yanakuwa makali zaidi. Tiketi zikiwa 10 na watu 11, mmoja wao akiwa na nusu ya blaindi nawe una chipu za kutosha kumsubiri, hata ree mbili zinatupwa mbele ya mwenye chipu nyingi aliyesukuma.

Nimebaki na blaindi 2. Si bora nimalize tu nikapumzike?

Usifanye hivyo. Mwaka 1982, kwenye World Series of Poker huko Las Vegas, Jack Straus alibaki na chipu moja ya 500. Aliruhusiwa kuendelea kwa sababu hakuwa ametangaza kuweka zote, na mwisho akatwaa ubingwa na dola 520,000.

Ila 2,000 zako zina saa yake. Kama mkono ujao wewe ndiye blaindi kubwa, sasa hivi sukuma ukiwa na ree yoyote, mfalme yeyote au jozi yoyote. Ukitupa, blaindi na ante zitazichukua zote mkono unaofuata, kwa karata zozote utakazopewa.